Maji yakizidi mwilini: yanayojulikana kwenye mbio ndefu, mlimani na wodini

Watu huuliza kama kunywa maji mengi kunaweza kumdhuru mtu. Ndiyo, maji yakizidi yanadhuru, na yanaweza kuua. Wanaolibishia jambo hili huhesabu lita za siku nzima: fulani anamaliza lita nne kila siku na yuko mzima. Ni kweli, na hakuna ajabu. Figo za mtu mzima asiye na ugonjwa, akiwa ametulia na amekula vizuri, zinaweza kutoa kati ya mililita 800 na lita 1 ya maji kwa saa. Lita nne zikigawanywa tangu alfajiri hadi usiku zinapita bila shida. Lita nne hizo hizo zikinywewa ndani ya saa mbili, figo zitatoa lita mbili kwa kujitahidi sana, na lita mbili zitabaki ndani. Kwa hiyo ukikutana na mtu unayemshuku kuwa maji yamemzidi, uliza kwanza amekunywa kwa muda gani, ndipo uulize amekunywa lita ngapi.

Januari 2007, mjini Sacramento, Marekani, kituo kimoja cha redio kiliendesha shindano la kunywa maji bila kwenda kukojoa. Mshiriki mmoja, mama wa miaka 28 mwenye watoto watatu, alirudi nyumbani akilalamika kichwa kinamuuma vibaya, na saa chache baadaye akakutwa amefariki. Alichokunywa ni maji ya chupa tu.

Maji yenyewe si sumu. Kinachovurugika ni uwiano wa maji na chumvi kwenye damu. Sodiamu, sehemu ya chumvi inayopimwa kwenye damu, inatakiwa iwe kati ya milimoli 135 na 145 kwa kila lita. Maji yakiongezeka inapungua ukali, kama mchuzi uliotiwa maji: chumvi ni ile ile, ila imekwisha nguvu. Chini ya 135 ni upungufu. Chini ya 125, hasa ikishuka ndani ya saa chache, ni dharura. Maji daima huelekea upande wenye chumvi nyingi, kwa hiyo yanaiacha damu iliyozimuliwa na kuingia ndani ya seli, na seli zinavimba. Mkono ukivimba, ngozi inatanuka. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kutanukia. Hapo ndipo kichwa kinapouma, mtu anatapika, anachanganyikiwa, anapata degedege, na mwisho sehemu ya ubongo inayosimamia kupumua inabanwa.

Hesabu ya kukadiria inaonyesha kwa nini wenye miili midogo huumia kwanza. Mwanamke wa kilo 50 ana maji karibu lita 25 mwilini. Sodiamu yake ikiwa 140 na akabakiza lita 3 za ziada, zidisha 140 kwa 25 kisha gawanya kwa 28: unapata 125. Mwanamume wa kilo 80 ana maji karibu lita 48, na lita 3 zile zile zinamshusha hadi 132 hivi. Mmoja yuko kwenye hatari ya degedege, mwingine labda anajisikia kichefuchefu tu, na wote wawili wamekunywa sawa.

Lakini figo hazifanyi kazi kwa uwezo wao wote kila wakati, na hili ndilo watu wengi hawalijui. Iko homoni inayotoka kwenye ubongo, vasopresini, ambayo hospitalini huitwa kwa kifupi ADH. Kazi yake ni kuziambia figo zishike maji. Mtu aliyetulia akinywa maji mengi, homoni hii inazimika na mkojo unatoka mwingi, mweupe. Ila iko mambo yanayoifanya iendelee kutoka hata pale maji yanapokuwa yamezidi: mazoezi ya saa nyingi, maumivu, kichefuchefu, hofu, upasuaji, homa ya mapafu, na baadhi ya dawa. Katika hali hiyo figo ambazo jana zingetoa lita moja kwa saa leo zinaweza kutoa mililita mia moja au pungufu. Ndiyo sababu mtu anaweza kuumia kwa maji ambayo siku nyingine asingeyahisi kabisa.

Mbio ndefu zinakusanya mambo hayo yote mahali pamoja. Kwenye mbio za Comrades za Afrika Kusini, karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, tatizo lilianza kuonekana mwaka 1981, na mwaka 1985 daktari Tim Noakes na wenzake wakachapisha maelezo ya wanamichezo wanne waliougua kwa kunywa kupita kiasi. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 ushauri uliokuwa ukienea ulikuwa ule ule: usingoje kiu, kunywa kadiri tumbo linavyoweza kubeba. Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliofika mwisho. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya 135 au chini yake, na watatu walikuwa na 120 au chini. Katika mbio hizo hizo mkimbiaji mmoja wa miaka 28 alifariki. Kilichohusiana zaidi na tatizo ni kuongezeka uzito njiani, yaani mtu kumaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza. Kukimbia zaidi ya saa nne nako kulihusiana na tatizo. Aina ya kinywaji haikuleta tofauti. Waliokunywa vinywaji vya wanamichezo hawakuwa salama zaidi ya waliokunywa maji matupu.

Hilo la mwisho linawashangaza wengi, maana chupa za vinywaji hivyo zinatangazwa kwamba zina chumvi. Zinayo, lakini kinywaji cha kawaida cha aina hiyo kina sodiamu ya milimoli 20 hivi kwa lita, wakati damu ina 140. Ukizidisha kinywaji hicho bado unazimua damu, ila polepole kidogo kuliko maji ya bomba. Madafu nayo yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Ni kinywaji kizuri, lakini hayatibu upungufu wa sodiamu. Na unga wa glukosi unaokorogwa kwenye maji na kupewa kila anayeyumba mstarini, jambo lililozoeleka sana kwetu, hauna chumvi ya maana. Sukari inatumika, maji yanabaki.

Wakimbiaji wa mbele, wale wa saa mbili na dakika chache, ni nadra kuangukia hapa. Muda ni mfupi, kasi ni kubwa, na tumbo halipokei mengi. Anayehitaji kuangaliwa ni yule wa saa tano au sita, mara nyingi mara yake ya kwanza, mwili mdogo, anayetembea nusu ya njia na kupokea chupa kwenye kila meza ya maji kwa sababu ameambiwa asikose hata meza moja. Tuseme ni marathoni ya kilomita 42, meza ziko kila kilomita 3 na kila moja inatoa chupa ya nusu lita. Ni chupa 14, lita 7. Kwa mwendo wake wa polepole, hasa asubuhi yenye ubaridi kama ya Moshi au Nairobi, jasho lake linaweza kuwa nusu lita tu kwa saa, yaani lita 3 kwa saa sita. Lita 4 zilizozidi zinaingia kwenye mwili ambao figo zake zimeambiwa zishike maji. Kama alimeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ili magoti yasimsumbue, dawa hizo zinaipa homoni ile nguvu zaidi. Usimeze dawa za maumivu za kundi hili kabla ya mbio.

Mtu wa namna hii ukimtazama kwa karibu ana alama zake. Pete haizunguki kidoleni. Mkanda wa saa umeacha mfereji kwenye kifundo cha mkono, na soksi zimechora alama nene. Midomo na ulimi vimelowa. Tumbo limejaa, na akigeuka unasikia maji yanacheza. Akitapika anatoa maji meupe, na mara nyingi akishatapika wasaidizi wanamletea chupa nyingine arudishe yaliyopotea. Hapo ndipo msaada unapogeuka madhara. Aliyeishiwa maji ni tofauti: ana kiu kali, mdomo mkavu, mate yanayonata, macho yameingia ndani, mkojo kidogo wenye rangi nzito, na uzito umepungua. Tatizo ni kwamba kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu vipo kwa wote wawili. Ukimtibu mtu kwa dalili hizo nne peke yake unabahatisha.

Mizani ndiyo kifaa bora, na ni rahisi kupatikana. Mkimbiaji apimwe asubuhi ya mbio, uzito uandikwe kwa kalamu nyuma ya namba yake ya kifuani. Akipungua kilo moja au mbili wakati wa mbio, hilo ni la kawaida kabisa. Akirudi na uzito ule ule baada ya saa tano, tayari jihadhari, kwa sababu mwili umechoma chakula chake cha akiba na ulitakiwa upungue. Akirudi ameongezeka, hapewi tena kinywaji cha aina yoyote mpaka aanze kukojoa vizuri mwenyewe.

Kwa aliyeanguka, mpangilio wa kazi kwenye hema la huduma ya kwanza ni huu. Kupumua kwanza. Halafu sukari ya kidoleni, kwa sababu ikishuka nayo huchanganya akili na ni rahisi kuitibu. Halafu joto la mwili, lipimwe kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Likizidi nyuzi 40 na akili imevurugika, huyo ni wa kupozwa mara moja kwa maji baridi au barafu mwilini. Halafu uzito, na sodiamu kama kuna mashine ndogo ya kupimia damu. Mtu ambaye sukari na joto lake viko sawa lakini anazungumza ovyo, achukuliwe kuwa maji yamemzidi mpaka kipimo kikatae.

Anayejitambua na anaweza kumeza, mpe kitu chenye chumvi nyingi kwenye maji machache: vipande vitatu au vinne vya mchuzi wa mchemraba vilivyokorogwa kwenye mililita 125 za maji, ambayo ni nusu kikombe. Ni kali, haipendezi, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Asiachwe alale peke yake. Maji yaliyobaki tumboni yanaendelea kuingia kwenye damu baada ya mbio kwisha, na wako wanaozidiwa saa kadhaa baadaye wakiwa hotelini au kwenye basi la kurudi nyumbani, huku wenzao wakidhani ni uchovu.

Aliyechanganyikiwa, anayetapika mfululizo, anayekoroma, anayepata degedege au anayepumua kwa shida huku akitoa povu, ni wa hospitali bila kuchelewa. Mpeleke na sentensi moja iliyonyooka: "Tunashuku maji yamemzidi, pimeni sodiamu kabla ya dripu." Sentensi hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu mazoea ya wodi zetu ni kumtundikia dripu kila aliyezimia. Dripu ya dekstrosi ya asilimia 5, sukari yake ikishatumika, ni maji matupu yaliyoingizwa moja kwa moja kwenye mshipa. Dripu ya chumvi ya kawaida ya asilimia 0.9 nayo inaweza kuzidisha tatizo iwapo figo bado zinashika maji na kutoa chumvi. Tiba ya aliyefikia hatua ya ubongo kuvimba ni dripu ya chumvi kali ya asilimia 3, mililita 100 kwa dakika 10, na inaweza kurudiwa hadi mara tatu kwa jumla mpaka akili irudi. Tahadhari ni kwa mgonjwa ambaye sodiamu yake imeshuka kwa siku nyingi. Ubongo wake umeshaizoea hali hiyo, na sodiamu yake haipandishwi zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24, kwa sababu ikipanda haraka inaharibu utando wa neva za ubongo na kuleta ulemavu. Huyo wa mbio, aliyeshuka ndani ya saa chache, hana kizuizi hicho.

Mkimbiaji anayetaka kujua kiasi chake ajipime mwenyewe. Kojoa, jipime bila nguo, kimbia saa moja kwa mwendo wako wa siku ya mbio, futa jasho, jipime tena bila nguo. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, kisha jumlisha ulichokunywa njiani. Mtu aliyetoka kilo 62.4 akarudi 61.7, naye alikunywa mililita 300, ametoa jasho la lita moja kwa saa. Rudia siku ya jua kali na siku ya mawingu, utaona tofauti. Namba hiyo ni mpaka wa juu, kwa maana hutakiwi kuirudisha yote. Unakunywa ukiwa na kiu, na ukijikuta unaikaribia namba hiyo, punguza. Kiu ni kipimo kizuri kuliko watu wanavyoamini. Damu inapokolea kwa asilimia 1 au 2 tu, vihisi vya ubongo vinaiamsha kiu, muda mrefu kabla ya hatari.

Mlima Kilimanjaro una mtego wa peke yake. Mpandaji anaambiwa anywe lita 3 hadi 4 kwa siku ili asiugue mlima. Kiasi hicho kikigawanywa mchana kutwa, kwa mtu mzima anayekula, hakina tatizo. Tatizo linaanza pale kambini anapoanza kuumwa kichwa na kichefuchefu, dalili ambazo ugonjwa wa mwinuko na maji kuzidi wanazo sawasawa, na jibu la kwanza ni "kunywa maji." Anakunywa, haoni nafuu, anaambiwa aongeze. Maji hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Unazuiwa na kupanda polepole. Kwa hiyo muongoza wageni mzuri huuliza amekojoa mara ngapi tangu asubuhi na mkojo ulikuwa na rangi gani. Kama ni mwingi na mweupe kama maji ya kunywa, upungufu wa maji si jibu, na mgonjwa aliyechanganyikiwa au asiyeweza kutembea kwa mstari ulionyooka ateremshwe, iwe usiku au mchana.

Kwa wanaofanya kazi juani, kama mafundi ujenzi wa Dar es Salaam, vibarua wa mashamba ya chumvi, na ndugu zetu walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 45, hatari kubwa zaidi ni kukosa maji na kupigwa na joto. Hao wasitishwe na makala hii wakaacha kunywa. Kikombe kimoja cha mililita 240 kila dakika 15 hadi 20 ni kiasi kizuri kwenye joto kali. Kisizidi lita 1.4 kwa saa. Kiwango hicho cha juu kiliwekwa na jeshi la Marekani mwaka 1998, pamoja na mpaka wa lita 11 na kitu kwa siku, baada ya askari wapya kuugua kwa sababu waliamriwa kunywa zaidi. Pamoja na maji, mtu huyo ale chakula chenye chumvi mchana, maana lita moja ya jasho inaweza kubeba gramu 2 za chumvi au zaidi. Anayeshinda juani kwa maji na matunda tu anapoteza chumvi bila kuirudisha.

Kuhara ni jambo lingine ambalo halitakiwi kuchanganywa na haya. Mgonjwa wa kuhara au kipindupindu anahitaji vinywaji vingi na kwa haraka, lakini viwe vya chumvi na sukari. ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ina sodiamu milimoli 75 kwa lita, na pakiti ya kawaida inakorogwa kwenye lita 1 kamili ya maji safi. Soma pakiti, kwa kuwa zipo ndogo za nusu lita na za mililita 200. Kosa linaloonekana sana ni kuchota unga kidogo kidogo kwenye kila kikombe ili pakiti idumu. Kikombe kimoja kinakuwa kikali, kingine maji matupu. Pakiti ikikosekana, tumia nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, kwenye lita 1 ya maji.

Mtoto mchanga ndiye wa kuhurumiwa zaidi, kwa sababu hawezi kusema na hawezi kukataa. Mtoto wa kilo 4 ana maji karibu lita 3 tu mwilini. Mililita 300 za maji, chupa moja ya soda, akizibakiza zinaishusha sodiamu yake kutoka 140 hadi 127, na figo zake bado changa. Bibi anayempa kijukuu maji kwa kijiko kwa sababu kuna joto anafanya kwa upendo, lakini maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji, na yanamtosha hata Mombasa mwezi wa Februari. Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama pekee. Kwa anayetumia maziwa ya kopo, hatari iko kwenye vipimo. Mwisho wa mwezi kopo linapokaribia kwisha, vijiko vinapunguzwa na maji yanaongezwa, na mtoto anaanza kulegea, kusinzia isivyo kawaida, kisha degedege bila homa. Pima kama kopo linavyoelekeza, na kama hayatoshi nenda kliniki ueleze hivyo. Ni afadhali kuomba msaada kuliko kuyazimua.

Nyumbani, glasi nane kwa siku si sheria. Mwaka 1945 bodi ya lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anahitaji lita 2.5 hivi, na ikaongeza kuwa sehemu kubwa ya hizo imo tayari kwenye chakula. Sehemu ya pili ikasahauliwa. Chai, uji, supu, mchuzi, tikiti na machungwa vyote vinahesabika. Mkojo wa rangi ya manjano hafifu unatosha kuwa kipimo, ingawa vidonge vya vitamini B huufanya wa manjano kali hata maji yakiwa ya kutosha. Ukiwa mweupe kabisa kutwa nzima, unakunywa zaidi ya unavyohitaji. Lita mbili za maji ya uvuguvugu alfajiri kwa mkupuo mmoja, eti kusafisha mwili, hazisafishi chochote ambacho figo hazikisafishi usiku na mchana. Gawanya.

Vivyo hivyo daku. Lita moja na nusu zilizonywewa dakika kumi kabla ya adhana ya Alfajiri zinaizima ile homoni, na sehemu kubwa imetoka chooni kabla ya saa tatu asubuhi. Maji yanayodumu ni yale yaliyogawanywa tangu futari, glasi moja moja, pamoja na chakula chenye chumvi ya kawaida.

Kipimo cha ultrasound cha nyonga kinataka kibofu kijae, na lita moja ikimalizwa saa moja kabla inatosha. Foleni ikichelewa, watu huongezewa lita ya pili na ya tatu huku wamebana mkojo. Kibofu kikiuma kimejaa. Mwambie mhudumu, na usikubali chupa nyingine. Mama aliyewekewa dripu ya uchungu naye awe mwangalifu, kwa sababu dawa iliyomo, oksitosini, hushika maji kama vasopresini. Anywe kwa kiu, na kinachoingia kiandikwe.

Mzee anayeshindia chai na mkate au uji mwepesi ana tatizo ambalo familia hailioni. Figo haziwezi kutoa maji peke yake, lazima yatoke na chumvi na mabaki ya protini. Asiyekula maharage, mayai, samaki wala nyama hana vya kutosha, na maji ya kawaida tu yanaweza kumzidi. Kama anameza bendrofluazaidi au haidrokloro­thayazaidi za presha, au karbamazepini ya kifafa, ndiyo zaidi. Akianza kusahau, kuyumba na kuanguka ndani ya wiki chache, sodiamu ipimwe kabla ya kusema ni uzee. Asiache dawa mwenyewe, aende nazo kliniki zikiwa mkononi. Na mtu yeyote anayekunywa lita tano au sita kwa sababu kiu haimwishi, huku anaamka usiku mara kwa mara kukojoa, apime sukari wiki hii hii. Kumkataza maji kunaweza kumuumiza.

Wenye moyo uliochoka, ini lililoharibika au figo zilizoshindwa wana hesabu nyingine kabisa, na "kunywa maji mengi" ni ushauri mbaya kwao hata ukitoka kwa mtu mwema. Mgonjwa wa moyo ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku tatu ni maji, aende kliniki siku hiyo. Anayesafishwa damu kwa mashine kwa kawaida hupewa kiasi cha kunywa kwa siku kinacholingana na mkojo wake wa saa 24 ukijumlisha mililita 500 hivi, na humo mnaingia chai, supu, uji, barafu, hata tikiti maji. Pima kikombe chako cha nyumbani kwa chupa ya nusu lita ujue kinabeba ngapi, maana vikombe vingi vya bati vinabeba mililita 400 na mwenyewe anadhani ni 250. Punguza chumvi ndipo kiu ipungue, meza dawa kwa kinywaji ambacho ungekunywa hata hivyo, na koo likikauka nyonya kipande kimoja cha barafu au kipande cha limau.